Alhamisi za Kung Fu kwa Mzee Omer

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua kutwa. Nimevuka barabara kwenda kwa Mama Emery, upepo umeupindua mwavuli, na kabla sijavua viatu Mzee Omer ameshaanza kubisha. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika. Huyu mzee akisema jambo Alhamisi hii, Alhamisi ijayo anakana. Mimi shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na mke wa mchungaji kule Kisii, kwa kitabu cha nyimbo, nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Lakini za kumkamata mwongo zinanitosha.

Tunatazama filamu za kung fu, mimi na yeye na mke wake Dative, ndiye Mama Emery, siku ambayo binti yangu Kerubo yuko zamu hospitalini na mimi sina wa kugombana naye nyumbani. Wao ni Wakongo wa Uvira. Nyumba yao hapa ugenini Kingstanding inatazamana na yetu. Filamu nazileta mimi, nilizipata mfuko mzima kwenye duka la mitumba kule Northfield. Dada wa pale, Brigid, aliniuliza kama ni za wajukuu. Nikamwambia wajukuu watafute zao.

Leo ilikuwa ile ninayoiita ya Unga. Wanapigana ndani ya kinu, unga umejaa hewani, hawaonani, kila mmoja anamtafuta mwenzake kwa pumzi. Staringi ni yule mwembamba, mimi namwita Ufito. Ufito harushi mikono ovyo. Anangoja. Anasimama kwenye ule unga kama mama anayechunga maziwa yasifure, halafu mkono mmoja tu, pa! na lile jitu liko chini, jeupe mpaka kope. Nilipiga makofi peke yangu.

"Mama Kerubo," Mzee Omer akasema, "wewe unapenda batu ba kusimama tu. Acteur ni mtu wa kuruka."

Wao staringi wanamwita acteur, na adui mkubwa wanamwita chef bandit. Jina lolote umpe, sheria ni moja, hafi. Na acteur wa Mzee Omer ni yule mwingine, Panzi, anayepanda ukuta kama mjusi na kushuka kwa kisigino juu ya kichwa cha mtu. Sikatai, Panzi ni mzuri. Lakini Panzi anapigana ili aonekane, Ufito anapigana ili amalize akanywe chai yake.

Tatizo ni kwamba Mzee Omer hanyamazi. Filamu inasema Kichina, yeye anasema juu yake. Anafanya sauti ya staringi, ya adui, ya mke wa adui, ya mbwa, mpaka ya mlango. Na siku hizi sauti yenyewe inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Nilirudi nyumbani masikio yanauma.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo tumegombana vizuri kabisa.

Ni ile filamu ya Daraja. Mzee mmoja mwenye ndevu anafagia daraja la mbao kila asubuhi. Kijana anakuja kutoka mbali, anamwinamia, halafu wanapigana mpaka mzee anaangukia mtoni na kijana anabaki analia. Hiyo filamu naijua. Niliiona kwanza nikiuza karanga nje ya kibanda cha video Kisii mjini. Mlango ulikuwa pazia, upepo ukivuma naona kidogo, ukitulia nasikiliza yule jamaa wa kusemea filamu na maikrofoni yake. Na jamaa alisema wazi kwamba huyo mzee ndiye aliyemuua baba ya kijana. Kijana analia kwa sababu amelipiza na baba bado hayupo.

"Hapana!" Mzee Omer akaruka kwenye kiti. "Ule muzee njo baba yake! Kijana hajui. Anajua mwishoni. Juu ya nini analia basi? Mtu analilia chef bandit?"

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Wa Kisii aliwadanganya."

"Na wewe wa Uvira nani alikuambia?"

Dative akaanza kucheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Mama Kerubo, hakuna mtu alimwambia. Ni yeye alikuwa anaisema. Uvira muzima walikuwa wanakuja kwa video kumsikia yeye. Mimi nilikaa nje na ndoo yangu ya maji nasikia ile sauti. Niliolewa na sauti mbele ya kuona meno yake."

Sikujua. Majirani miaka hii yote, na nilidhani ana domo tu. Kumbe ilikuwa kazi.

Sikumwambia kwamba nimevutiwa. Nilimwambia mwenzake wa Kisii alikuwa na sauti safi.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani. Mahubiri marefu, wali mzuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemchukua mjukuu wangu Fiona aje kuamua ile kesi, kwa sababu chini ya filamu kuna maandishi ya Kiingereza na sisi watatu hatuyajui. Fiona Kiswahili anasikia, anajibu kwa lugha yake. Akasoma, akasoma, akatuambia. Huyo mzee ni mjomba. Wanagombania kisima.

Kisima! Mimi na Mzee Omer tuliangaliana. Dative alilazimika kutoka nje.

Lakini Mzee Omer hakukubali kushindwa. Alisema, "Bale benye waliandika hawakuangalia mikono." Akamwambia Fiona arudishe nyuma. "Angalia hapa. Mbao zimelowa, kijana anateleza. Mkono wa muzee unafanya nini?"

Tukaangalia. Na kweli. Kijana anateleza, na mkono wa yule mzee unatoka haraka kumshika, kama unavyomshika mtoto jikoni karibu na moto. Kisha unakumbuka kwamba ni vita, unakunjwa, unakuwa ngumi. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Filamu hiyo nimeitazama sijui mara ngapi na mkono huo sikuwahi kuuona.

"Mtu wa kisima anakushika vile?" Mzee Omer akauliza, na sauti ikakatika katikati ya neno. Akakohoa, akanywa maji, akarudia.

Nimekuja kulala nikiufikiria ule mkono. Ni baba yake. Maandishi yaseme yatakavyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mzee Omer hana sauti kabisa. Dative anasema ni baridi imemshika. Tumetazama Panzi akipigana na watu wa majambia juu ya paa, kimya, bila mtu wa kusema. Ilikuwa kama chai bila sukari wala maziwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya ibada Kerubo alimsalimia Mzee Omer, naye akajibu kwa lile kwaruzo. Nikaona uso wa binti yangu umebadilika. Ameshakuwa nesi, si mtoto wangu tena.

"Baba, sauti hiyo imekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu joto."

"Joto la mwezi gani?"

"Mwanangu, ni tangawizi tu nimekosa ya nyumbani."

"Kesho asubuhi nakupitia. Usile ukanichelewesha."

Na mimi nilikuwa nimekaa Alhamisi baada ya Alhamisi namwambia anakwaruza kama sufuria.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wamempitishia Mzee Omer mpira wenye kamera puani mpaka kooni. Watamwita tena wakate kipande wakipime. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba Panzi asingekubali. Nikamwambia Panzi angekuwa ameshakimbilia paani, na wewe umekaa ukavumilia, kwa hiyo wewe ni Ufito. Alinuna. Kununa kwake kulinifurahisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo hakuna filamu. Saa kumi na moja jioni ni giza, na mimi nimekaa na hii kalamu sijui nianzie wapi.

Ni kansa. Iko pale pale kwenye sauti. Walienda wote hospitalini, Mzee Omer, Dative, mtoto wao Emery aliyetoka kazini Tyseley kwenye karakana ya treni bado na mafuta kwenye kucha, na Kerubo wangu kuwatafsiria. Daktari amesema imechelewa kwa dawa peke yake. Wakitaka kuitoa yote, lazima waitoe na sauti, wamfungulie tundu shingoni la kupumulia. Baadaye watamfundisha kusema kwa njia nyingine, lakini sauti haitakuwa ile. Wakiiacha, haitachukua muda.

Mzee Omer amesema hapana.

Hakusema nitafikiri. Alisema hapana, akamshukuru daktari, akavaa kofia.

Emery alimfokea huko huko kwenye korido, Kerubo ameniambia. "Papa, ni sauti tu!" Hilo ndilo neno baya alilochagua. Mzee alimwangalia kijana wake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Nilivuka jioni na sufuria ya uji wa wimbi. Dative alinifungulia, hakulia. Akaniambia mlangoni pale pale, "Sauti nimeisikia miaka ya kutosha. Mimi nataka viatu vyake vikae hapa. Lakini siwezi kumwambia, Mama Kerubo. Nikimwambia sauti si kitu, nitakuwa nimemdanganya, na anajua."

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimefanya ujinga.

Nilimwomba Emery anitafutie filamu yenye staringi bubu, akaipata. Ni mpishi wa hekalu, hasemi neno, anabeba maji na kumenya vitunguu, na adui wakija anawapiga kwa upawa. Tena anapiga vizuri! Kuna mahali anapigana na wanne na huku sufuria yake iko motoni, na kila akizunguka anakoroga mara moja. Hajaunguza. Kwa kazi ya miguu nimeona Panzi, kwa utulivu nimeona Ufito, lakini mtu wa kupigana bila kuunguza chakula ni huyo peke yake. Nilisahau kwa nini nimeileta.

Mzee Omer hakusahau. Alitazama mpaka katikati, akachukua rimoti, akazima.

"Mama Kerubo, unanihubiria?"

"Nani anahubiri? Ni filamu."

"Ule mupishi, ububu wake ni wa kamera." Alikuwa ananong'ona, tukainama wote kumsikia. "Jioni alienda kwake akaongea na bibi yake. Aliongea mpaka akachoka. Usiniletee tena."

Akapanda ngazi kwenda kulala na taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka.

Nimerudi na DVD yangu mfukoni. Alichosema ni kweli, na ukweli wake umeniudhi zaidi ya makosa yake yote.

Jumamosi, 16 Novemba

Barafu nyembamba kwenye vioo vya magari. Emery amekuja kwetu, akasimama jikoni na koti lake. "Mama Kerubo, zungumza naye. Wewe anakusikia."

"Hanisikii, ananijibu. Si kitu kimoja."

"Basi na akujibu."

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda leo, si Alhamisi, ili asidhani nimeleta filamu. Mikono mitupu. Alikuwa kitini na skafu ya Dative shingoni. Nikamwambia Dative aende akanunue kitu, chochote. Alinielewa, akachukua mfuko.

Nikakaa. Nikamwacha aanze.

"Wakitoa hii," akagusa koo, "mimi ni nani? Kule Uvira hawakuja kumwangalia Muchina. Walikuja kunisikia. Kwenye kambi ya wakimbizi watoto walikuwa wanalala na njaa, nawasemea filamu bila filamu, wanalala. Sikuwa na kingine cha kuwapa."

Nikamwambia, "Mzee Omer, Kichina unajua?"

"Hapana."

"Wale watu wa Daraja, wa Unga, wote wale, uliwahi kuelewa neno lao hata moja?"

"Hapana. Unajua sielewi."

"Basi yale yote uliyokuwa unasema uliyatoa wapi?"

Akainua mikono yake miwili, akaiangalia kama ni ya mtu mwingine. "Hapa. Kwa mikono yao. Na kwa macho."

"Haya. Wewe umekaa na Mchina miaka na miaka, huelewi neno lake, na hujashindwa hata siku moja kujua anataka nini. Ule mkono wa mzee wa darajani uliuona wewe, hata aliyejua lugha yake hakuuona. Sasa sisi, mimi na Mama Emery na Emery, watu wazima watatu, tumekuzoea mpaka tunajua unavyopiga chafya, tutashindwa na wewe mmoja? Unatuona wajinga?"

Kitu kikasogea usoni mwake. Alikuwa anatafuta pa kunishika, namjua.

"Mutakosea," akanong'ona. "Mutanitia mu kinywa maneno yenye sikusema."

"Ndiyo. Kama ulivyomfanyia Mchina."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia glasi ya maji, na mkono wake ukanishika kifundo ukakaa hapo hata baada ya kikohozi kupita. Nikamwambia yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia sauti yake ni nzuri, hata hii iliyokwaruza, na kwamba ile Alhamisi ya kimya nilichukia kila ngumi. Nikamwambia nitaililia sauti hiyo na sitajificha. Lakini nikichagua kati ya kuililia sauti na kumlilia mtu, sina haja ya kwenda shule kujua.

Hakusema ndiyo. Aliniambia nimwache apumzike.

Alhamisi, 21 Novemba

Emery amepiga simu. Baba yake amemwambia ampigie daktari.

Nilikuwa namenya ndizi. Nimemenya ndizi zote zilizokuwa ndani ya nyumba.

Alhamisi, 28 Novemba

Amemwona daktari atakayempasua, Msikh mmoja, Daktari Inderjit, mtu wa kilemba cha buluu na maneno machache. Nilikwenda nao. Daktari alipokuwa anachora shingo kwenye karatasi, sote wawili, mimi na Mzee Omer, tulikuwa tunaangalia mikono. Imetulia. Inangoja kabla ya kugusa.

Kwenye basi akaninong'oneza sikioni. "Mama Kerubo. Kwa kuruka, bado ni Panzi. Lakini mtu wa kunishikia kisu, mimi pia nataka Ufito."

Nimesubiri maneno hayo tangu Septemba na sikuweza kuyafurahia.

Jioni alitusemea ile ya Daraja, yote, kwa kile kikwaruzo kilichobaki. Emery aliomba kurekodi kwa simu, akakataa. Alisema waje wasikie walio hapa. Kerubo alikuja na sare yake ya kazi, Fiona alikaa sakafuni, Dative alikaa mlangoni kama mtu mwenye ndoo nje. Pale mzee anapoangukia mtoni, hakusema kitu. Aliacha maji yaseme.

Jumanne, 3 Desemba

Wamemwingiza asubuhi, wamemtoa jioni. Yuko hai. Daktari Inderjit amemwambia Kerubo kwamba wanaamini wameitoa yote.

Ijumaa, 6 Desemba

Dative peke yake ndiye ameruhusiwa kuingia. Amesema mzee amevimba na ana mipira kila mahali, na alipomwona alimkunjia ngumi. Si ya hasira. Ile ya salamu, kabla ya pambano.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Nimefuma vitambaa vya kufunika shingo, vitatu. Kimoja chekundu, kwa sababu ni staringi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Ametoka hospitalini juzi, amekonda, amekaa dirishani. Nilimpungia mkono kutoka kwetu. Hakunipungia. Wamempa kibao cha kuandikia, Emery anasema hakigusi. Kutwa ameangalia ukuta.

Alhamisi, 2 Januari

Nimekwenda, tumekaa. Hakutaka filamu. Alitikisa kichwa tu. Namwambia habari za kanisani, anafumba macho. Dative ananiangalia kama mimi ndiye niliyemshauri vibaya, halafu anaona nimeona, ananiongezea chai.

Nilipokuwa navuka barabara nilijiuliza. Labda nilisema uongo pale kitini. Labda mikono haitoshi.

Alhamisi, 16 Januari

Theluji imeanguka asubuhi na Kingstanding yote imenyamaza. Nimekwenda na filamu mpya kutoka Northfield, hata mimi sijaiona. Sikumwomba ruhusa. Niliiweka, nikakaa, nikaanza kusema mimi.

Nilisema vibaya sana. Najua. Mimi ni mtu wa kugombana, si wa kusimulia. Kulikuwa na staringi kijana, na mwanamke mtu mzima juu ya ghala mwenye fimbo ndefu, wanakabiliana. Nikasema, huyo ni mjane, anataka shamba lake.

Mzee Omer akapiga paja.

Nikaendelea. Basi ni jambazi, amevaa kike.

Akapiga mkono wa kiti, pa! kitambaa chekundu kikatikisika. Dative akaweka kikombe chini.

"Basi ni nani?" nikamwambia. "Sema wewe, kama unajua."

Emery, aliyekaa kando yangu, akashtuka. "Mama Kerubo..."

Lakini mzee alikuwa ameshasimama. Alisogea polepole mpaka mbele ya televisheni, akatugeukia. Akashika fimbo isiyokuwepo. Akanyanyua kidevu, na mgongo wake ukawa wa yule mwanamke kabisa, wa mtu aliyebeba mizigo ya wengine. Akapiga, mara mbili, kwa nguvu. Mara ya tatu fimbo ikasimama hewani, juu ya kichwa cha kijana, na kiganja kikafunguka, kikashuka chenyewe, kikapangusa kitu begani. Vumbi. Alimpangusa vumbi begani, halafu akarudi kupigana.

"Mwalimu wake!" Emery akasema.

Akatikisa kichwa.

"Mama yake," nikasema. "Ni mama yake mzazi."

Akaninyooshea kidole. Ndiyo! Na hakungoja, akaingia kwa kijana, magoti yakainama, macho yakawa ya mtu wa miaka ishirini anayemwogopa mama yake na kumpenda. Pumzi inatoka shingoni chini ya kile kitambaa, pff, pff, naye akaitumia, ikawa pumzi ya pambano. Akawa mama, akawa kijana, akawa fimbo. Emery alikuwa anasema kwa sauti kila anachokiona, anakosea, anapigiwa kofi la hewani, anarudia. Nimetazama watu wengi wakipigana katika maisha yangu, Ufito na Panzi na yule mpishi. Hakuna aliyewahi kunishika namna ile.

Dative akainama huku, akainama kule, anatafuta skrini nyuma ya mumewe. "Baba Emery, sogea kidogo basi, hatuoni filamu."

"Nyamaza, Mama Emery," nikamwambia. "Mzee anasema."